Shuka ya Wageni

Ndege humkimbia mtu, lakini shuka iliyoanikwa haimshtui. Bibi mmoja, dobi mstaafu mwenye ulimi wa pilipili, alilijua hilo tangu enzi za kufua kwa mikono. Basi baridi ilipokatika na uwanja wa nyuma ukafumka maua ya mwitu, manjano na zambarau, alitundika shuka kambani, akaitoboa kwa mkasi, akaketi nyuma yake kigodani, akachomeka jicho la kamera tunduni. Chiriku walikuwa wamejenga humo mauani. Jike analisha makinda, dume anaimba koo limevimba, utadhani amealikwa harusini.

"Mama! Si shuka yangu ya wageni hii?" mkwewe alishika kichwa.

"Ndiyo yenyewe. Na wageni ndio wale."

Mkwe akainama tunduni ili alalamike akiwa na ushahidi. Akakawia kidogo kuinuka.

Mwana wa bibi hakucheka. Alikuwa na gari jipya, na uwanja huo aliutaka umwagwe zege apate pa kuliegesha.

"Kesho nafyeka haya magugu, mama."

"Makinda hayajaota mabawa. Ngoja yaruke."

"Nyumba ni yangu."

"Sawa, nyumba yako. Na wewe ni wangu. Haya, piga hesabu."

"Ukikaa humo nitakubeba mzobemzobe na kigoda chako!" Akaichomoa shuka kambani, akaifungia ndani ya gari. "Sasa tuone utajificha wapi."

Bibi akaokota kigoda chake, akaingia ndani.

Asubuhi mwana akatoka na fyekeo begani. Akaganda mlangoni. Uwanja mzima ulikuwa umeanikwa: shuka za vitanda vyote, mapazia ya sebuleni, hadi taulo lake la kuogea. Kila kimoja kina tundu katikati.

"Mama! Uko wapi?"

"Nipo."

Akafunua shuka ya kwanza: patupu. Akafunua pazia, akamkuta mkewe amechuchumaa, jicho tunduni.

"Hata wewe?"

"Shii! Wanalishana."

"Fyeka, mwanangu," sauti ya bibi ikatoka kusikojulikana. "Mkono si unao? Ila taratibu, maana miguu yangu imo humo humo mauani."

Mwana akainua fyekeo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akalishusha. Akafumbua mdomo aseme neno. Kabla halijatoka, kamera ikalia *kacha!*

Gari lililala nje hadi kinda la mwisho liliporuka, na chiriku wakalipaka chokaa bila kuombwa. Wala zege halikumwagwa hata baadaye, maana kwenye maua yale sasa kuna vigoda viwili, cha bibi na cha mkwewe.

Picha ile imetundikwa sebuleni. Mbele chiriku yuko juu ya ua, kifua mbele, anaimba. Nyuma yake jitu zima na fyekeo, mdomo wazi. Wageni wakiuliza, bibi huwatambulisha:

"Huyo wa mbele ndiye mwenye nyumba. Wa nyuma ni mwanangu."