Maoni ya Madobi Kuhusu Bibi Mtoro

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mimi si mtu wa vitabu vya mapenzi. Mtu mzima anakaa, analilia watu ambao hawajawahi kuzaliwa, halafu anakwambia amepumzika. Kupumzika gani huko? Lakini pale dobini kuna utaratibu nilioukuta, na sijapata ubavu wa kuufuta. Wakati wa kupiga pasi mmoja wetu anasoma kitabu kwa sauti, na mashuka yake tunagawana tuliobaki. Mimi ndiye msimamizi. Wananiita Mama Mvuke, na wala msidhani jina hilo limetokana na pasi peke yake.

Tuko wanne tu. Kuna Shangazi, ambaye hana mpwa hata mmoja kati yetu, ila ameshika pasi miaka mingi kuliko sisi sote. Kuna Fundi wa mashine za kufulia, mwanamume pekee pale, na kwa kusema anatushinda wanawake watatu. Na kuna Msomaji. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa saba, daktari amemkataza kusimama, kwa hiyo kiti cha kusomea alikuwa amekihodhi. Ndiye aliyetuletea kitabu chenyewe, kinene, jalada limeshikizwa kwa gundi.

Hadithi ya zama za ngome na farasi. Bibi mmoja mtukufu, binti wa mtawala, amechumbiwa na bwana ambaye mashamba yake ukiyazunguka utamaliza wiki njiani. Siku tatu kabla ya harusi, bibi anavaa nguo za mpishi, anapita mlango wa jikoni, anatoroka na mtunza farasi wa baba yake.

"Mpumbavu," nikasema, sura ya kwanza hata haijaisha.

Msomaji alijifanya amepoteza mstari. Shangazi akanyunyizia maji foronya ambayo ilikuwa imeshalowa. Nikajua wanachofikiria, na nikazidi kukasirika.

Maana habari zangu wanazijua wote. Binti yangu, wa pekee, niliyemlea mwenyewe kwa mikono hii iliyoungua, alikuwa aolewe na karani wa benki. Kijana mpole, viatu vinang'aa, haongei na chakula mdomoni. Kadi tumeshagawa. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mwenzangu akafungasha nguo zake akaenda kwa fundi majokofu. Fundi majokofu! Mtu anayeshinda amejifungia nyuma ya friji za watu! Nikala yamini kwamba sitakanyaga kwake mpaka aje yeye aniombe radhi. Alipiga simu mara mbili, nikamkatia mara mbili. Mwaka ukapita na miezi minane juu yake.

Sasa Jumatatu ile tulipoanza kitabu, nilikuwa nimesikia, na msiniulize nimesikia wapi, kwamba yule mume amepata kazi mji mwingine, safari ya siku mbili, na kwamba wanahama Jumapili. Jumapili hiyohiyo. Kwa hiyo nilikuwa na siku sita za kuendelea na kiburi changu, na baada ya hapo kiburi kingekuwa changu cha kudumu.

Kitabu kikasonga. Kila sura ikiisha, pasi zinasimamishwa na maoni yanamwagika.

"Huyu mtunza farasi," Shangazi akasema Jumanne, macho yake yamelegea, "anamfunika farasi blanketi kabla hajajifunika mwenyewe. Mwanamume wa namna hiyo humwulizi ukoo. Unamwuliza tu tunaondoka saa ngapi."

"Shangazi, una miaka sitini na mbili," nikamwambia.

"Ndiyo maana sina muda wa kupoteza."

Msomaji alicheka mpaka akashika tumbo, tukaogopa atajifungulia kwenye kapu la taulo.

Fundi yeye alikuwa na ugomvi wa kikazi. Katika sura ya saba bibi anavuka kinamasi usiku kucha, tope mpaka kiunoni, ndani ya lile gauni jeupe la hariri alilolificha chini ya nguo za mpishi. Katika sura ya nane anaingia sokoni na gauni ni jeupe. "Nani alifua?" Fundi akauliza, amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Nani? Tope la kinamasi kwenye hariri! Mimi nina mashine tatu na sabuni za kila aina, na siwezi kuapa kwamba ningelitoa. Huyu mwandishi anatudharau." Alikuwa ameumia kweli. Siku nzima alikuwa akipita na makapu akinong'ona kuhusu hariri.

Na mimi? Mimi nilimponda yule bibi kila siku. Kapika uji ukaungua, nikasema vizuri. Kalala chini, nikasema ndicho alichokitaka. Mwishowe Shangazi akaniuliza, kwa upole ambao siupendi, kama kuna mtu yeyote ndani ya kitabu ninayemwonea huruma.

"Mama yake," nikasema. "Kapewa mistari mitatu. Kazirai, kapepewa, kasahauliwa. Kurasa mia nne, na mama mtu ana mistari mitatu!"

Kitabu kikaisha Alhamisi mchana. Bibi kapata nyumba ndogo, mtunza farasi wake na mtoto wa kiume. Wote wakashusha pumzi isipokuwa mimi. Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa wachapishaji walikuwa wameandika kwamba mwandishi anaandaa sehemu ya pili, na kwamba wasomaji wanaombwa kutuma maoni yao, anwani ni hii. Fundi akaruka. Hapo hapo ikaamuliwa kwamba tuandike barua moja ya wote, Msomaji ashike kalamu, kila mtu atoe ya moyoni.

Fundi alitumia nusu ukurasa kuhusu lile gauni, akamshauri mwandishi kwamba safari nyingine amvalishe bibi kitambaa cha pamba cha rangi ya giza. Shangazi akaomba kwamba katika sehemu ya pili mtunza farasi aoge mtoni, na ielezwe kwa kirefu. Msomaji mwenyewe akaandika kwamba alilia sura nne, na kwamba mtoto akizaliwa wa kike atamsimulia yote ila ile sura ya kumi na mbili.

"Na wewe, Mama Mvuke?"

Nikaendelea kunyoosha shuka. "Andika kwamba mama mtu hazirai. Ana muda gani wa kuzirai? Andika: mwandishi, unasema mama hakujua bintiye alikokwenda. Huo ni uongo. Ndani ya wiki moja mama alishajua. Alijua mtaa, alijua mlango una rangi gani. Na alipita pale. Andika alipita, kila Jumamosi, akijitia hamnazo. Kama kuna mwuza nyanya mkabala na ule mlango, basi alinunua nyanya zake pale, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na nyanya mtaani kwake zimejaa tele. Akiulizwa anasema za kule ni tamu zaidi. Si tamu hata kidogo. Ni za kawaida tu, nyingine zina michubuko. Ila akisimama pale akichagua moja moja taratibu, anaweza kuona kama nguo za bintiye zimeanikwa, kama ni mzima, kama anakula. Na mwuza nyanya ndiye anayempa habari zote, hata habari za..."

Nikainua macho. Kalamu ya Msomaji ilikuwa imesimama. Shangazi alikuwa ameinua pasi hewani.

"Mnanitazama nini?" nikafoka. "Ni maoni! Si mmesema kila mtu atoe maoni? Andika, na uweke nukta!"

Akaandika, akaweka nukta. Nikaichukua ile barua nikasema nitaipeleka posta mwenyewe kesho yake, nikaitia kwenye mfuko wa aproni yangu, nikarudi kwenye mashuka yangu.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Dobini kwetu kuna sheria moja ambayo niliiandika mimi, kwa rangi nyekundu, juu ya mashine: PINDUA MFUKO KWANZA. Hakuna nguo inayoingia majini kabla mfuko wake haujapinduliwa nje. Nimeshawatoa watu jasho kwa ajili ya kalamu moja iliyosahaulika. Fundi aliwahi kunikimbia siku mbili kwa sababu ya tiketi ya basi ya mteja. Basi jioni ile tukavua aproni zetu za wiki, na mimi, Mama Mvuke, kichwa hakipo, nikaivua yangu nikaitupa mashineni mwenyewe, mfuko umefungwa, na Fundi akaamini kwamba mkono wa msimamizi haukaguliwi.

Ijumaa asubuhi barua ilitoka ikiwa vipande vyeupe vilivyoganda kwenye aproni zote nne. Fundi alizishika mbele yangu, moja moja. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Halafu Shangazi akaanza, na Msomaji akafuata, wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikacheka na mimi, ningefanyaje?

"Basi, tunaandika upya," Msomaji akasema, akifuta machozi, akatafuta karatasi. Fundi akalitoa tena lile gauni lake, safari hii likawa ukurasa mzima. Shangazi akaongeza kwamba mto wenyewe uwe na maji machache. Zamu yangu ikafika.

Jana maneno yalikuja yenyewe kwa hasira. Leo niliyaita moja moja, hayakuja.

"Ruka yangu," nikasema.

"Nayakumbuka yote, mama," Msomaji akasema polepole. "Nikitaka naweza kuandika hadi michubuko ya nyanya."

"Usiandike," Shangazi akamwambia, akikunja shuka bila kunitazama. "Hayo hayakuwa ya mwandishi. Anwani ndiyo iliyokosewa." Kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, kesho Jumamosi. Mashuka ya hoteli tutayamaliza sisi."

Nilitaka kumpa vidonge vyake. Nilikuwa navyo, tena vikali. Nikaishia kuitikia kwa kichwa.

Jumamosi nikapanda mabasi yangu mawili, nikampita mwuza nyanya bila kununua kitu, naye akashangaa mpaka akasimama. Nikagonga mlango. Akafungua yule fundi majokofu, mkanda wa kufungia maboksi umemning'inia mkononi, akanitazama, rangi ikampotea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema. Lilitoka kwa tabu lakini lilitoka.

Nyumba nzima ilikuwa maboksi. Binti yangu akatokea chumba cha nyuma, akasimama, wala hakusogea. Alikuwa amenenepa kidogo usoni. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, hotuba kamili, na yote yakanitoroka. Nikaona kola ya blauzi yake.

"Nani kapiga pasi hiyo blauzi?"

"Mimi," akasema, sauti ndogo.

"Inaonekana. Kola imekunjamana na wewe ni mtoto wa dobi. Ivue. Pasi iko wapi?"

"Imeshafungwa, mama. Iko kwenye boksi."

"Basi boksi lifunguliwe!"

Yule mume akalirukia boksi kabla sijamaliza. Binti akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akaingia ndani akatoka na blauzi mkononi, na nguo nyingine zote za safari juu yake. Wakatandika blanketi mezani. Nikaanza na kola. Nilipofika mikono ya blauzi nikamwambia, nikiwa nimeinama, kwamba nimemkumbuka mno, kwamba zile simu mbili zinaniuma mpaka leo, na kwamba nimepita mbele ya mlango ule zaidi ya mara sabini na nikashindwa kugonga.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakuona. Kila Jumamosi nilikuwa nasimama nyuma ya pazia."

"Na hukutoka?"

"Niliogopa, mama. Niliogopa nikitoka utaacha kupita."

Miaka yote hiyo ya kazi sijawahi kuiacha nguo katikati. Nikaisimamisha ile pasi, nikamwambia aje hapa.