Besi ya Bei Mbaya

Mpwa wake alipomwomba amsindikize dukani kuchagua gitaa la besi, Ngurumo alikubali kabla binti hajamaliza kusema. Jina hilo alipewa ujanani, enzi za bendi, kwa jinsi nyuzi zake nne zilivyotikisa madirisha ya kumbi. Sasa kichwa kilikuwa cheupe na bendi imebaki kwenye picha za ukutani, lakini jina alilitunza kama mtu anavyotunza suti ya harusi. Kitu kimoja tu hakuna aliyekijua: huu ulikuwa mwaka wa pili tangu masikio yake yaanze kumtoroka. Mkewe akimwita mara tatu bila jibu, alisingizia mawazo. Televisheni ikipiga kelele nyumba nzima, alisema ni wajukuu waliochezea rimoti.

Mpwa, binti wa dada yake, alikuwa msusi, na vidole vyake vilisifika mtaa mzima. Akifunga saluni alikwenda kupiga besi ya kuazima katika bendi ya wanawake watano. Kiongozi wao, mwalimu wa hesabu aliyepiga ngoma, alikuwa amemwambia atafute ya kwake kabla hawajaingia studio kurekodi.

Muuzaji aliwatolea mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya buluu, ya bei nafuu. Ilikuwa nyepesi, vitufe vyake vya plastiki, na gundi ilikuwa imechuruzika kidogo pale shingo ilipoungana na kiwiliwili. Ya pili ilikuwa imeshatumika, ila ya kampuni kubwa: mti mzito wa rangi ya asali, vitufe vya chuma, shingo laini iliyojaa kiganjani vizuri. Bei yake ilikuwa mara nne ya ile ya buluu.

Mpwa alizipiga moja baada ya nyingine, wimbo uleule, spika ileile. Ngurumo aliketi kwenye stuli, akafumba macho, akawa anatikisa kichwa kama zamani. Alichokisikia ni mvumo tu, mfano wa lori linalopita mtaa wa pili. Ya buluu, lori. Ya asali, lori.

"Hii ya bei mbaya ina kitu, mjomba," mpwa alisema, na maneno hayo Ngurumo aliyasoma midomoni zaidi ya kuyasikia. "Uzi wa tatu unalia zii, kama nzi ndani ya kopo. Umesikia?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema kweli. Lakini muuzaji alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, kwa adabu na heshima. Alikwisha kueleza kwamba marehemu baba yake hakukosa hata onyesho moja la Ngurumo. Mzee akajitia mjuzi.

"Gitaa halina neno. Ni vidole vyako," alisema. "Ya bei nafuu humsamehe mpigaji, ya maana humuumbua. Kaza mkono, utaizoea. Rahisi ghali, mwanangu."

Muuzaji alifungua mdomo, akaufunga. Nani abishane na Ngurumo? Wakaondoka na ile ya asali.

Wiki tatu zilizofuata mpwa alifanya mazoezi kama anayeadhibiwa. Alibonyeza uzi wa tatu mpaka ncha za vidole zikavimba, zikapasuka, akazifunga plasta. Saluni nako mambo yakaharibika. Wateja walianza kulalamika kwamba misuko inalegea, na mmoja wa siku nyingi akahamia kwa msusi wa ng'ambo ya barabara.

Kisha Ngurumo akaalikwa kwenye mazoezi ya bendi. Walimpa kiti cha mbele. Mwalimu alisimamisha wimbo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akasema besi inakwaruza na studio hawatakubali. Mpwa akainamisha uso.

"Ni vidole vyangu," alisema. "Mjomba ameshaniambia. Labda mtafute mtu mwingine."

Wanawake wote wanne wakamgeukia mzee. Naye, Mungu amsamehe, akaitikia kwa kichwa.

 Kesho yake mchana, mpwa akiwa kazini, Ngurumo alikwenda kwa dada yake akalichukua gitaa kwa kisingizio cha kubadilisha nyuzi, akalipeleka kwa fundi. Fundi alifumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake kama seremala anavyotazama ubao.

"Imejipinda," alisema kwa sauti kubwa, maana mashine ya jirani ilikuwa ikinguruma. "Tena si leo wala jana. Uzi unagonga vyuma vya shingo. Nani aliwachagulia? Hili hata kiziwi angelisikia."

Ngurumo alicheka naye. Fundi akaeleza kwamba atapunguza mkwaruzo, hataumaliza. Shingo ikishajipinda namna ile hainyooki. Uzuri wa mkakasi, akasema, ndani kipande cha mti. Afadhali ya bei nafuu iliyonyooka. Mzee akakimbilia dukani. Ya buluu ilikuwa imenunuliwa siku nyingi, na mali iliyokwisha kuuzwa duka halikuipokea tena.

Akaenda moja kwa moja saluni. Mpwa alikuwa na mteja, kichwa nusu kimesukwa. Ngurumo alijua akingoja mteja aondoke, na yeye ataondoka. Akasema palepale, amesimama mlangoni na gitaa mgongoni: kwamba gitaa ndilo bovu, kwamba vidole havina kosa, kwamba siku ile dukani hakusikia nzi wala kopo, na kwamba hasikii vizuri huu mwaka wa pili.

Mpwa hakuacha kusuka. Alimaliza msuko mmoja, akaufunga, ndipo akageuka ili mjomba wake amwone midomo.

"Kutosikia si kosa, mjomba. Ungeniambia, ningekueleza kilichokuwa kinalia. Lakini vidole vyangu umevitukana wiki tatu. Mbele ya wenzangu."

 Mteja alitazama sakafu. Mzee aliweka gitaa kando ya mlango, na jioni ile alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa hesabu akarudia maneno yaleyale. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, hakumkaribisha kiti.

Mpwa alirudia besi ya kuazima na bendi ikarekodi. Kwa mjomba wake hakuonekana miezi miwili. Mkewe Ngurumo, aliyekuwa amepata habari kwa wifi yake, hakuuliza kitu. Alianza tu kumgusa bega kabla ya kusema naye, na kila alipoguswa uso ulimwaka.

Jumamosi moja mpwa alipiga hodi. Bendi ilikuwa na onyesho na walikosa mtu wa kubeba spika. Alimwamkia mjomba wake kwa adabu zote, akamwomba ashike ncha moja. Waliibeba hadi ukumbini, wakaiweka jukwaani. Wenzake wakaanza kujaribu vyombo. Mpwa alimuuliza kila aliyekuwepo sauti ikoje, hata mfagiaji wa ukumbi. Ngurumo alisubiri kidogo kando ya jukwaa na yeye aulizwe, kisha akainama akaanza kunyoosha nyaya.