Jiwe Lililoitwa Bado

Asubuhi ile ya Jumamosi niliona kinga ya grinda yangu ya kukatia chuma imegeuzwa.

Kinga ni lile bati la nusu duara linalozuia cheche zisikurukie usoni. Mimi natumia mkono wa kulia, kwa hiyo kinga yangu hukaa upande mmoja siku zote, na grinda ile hakuna mwingine anayeigusa. Sasa ilikuwa imegeuziwa upande wa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Ndani yake mlikuwa na unga ulioshikamana, laini kama wa ngano, mwekundu. Chuma hakitoi unga mwekundu. Chuma kinatoa unga mweusi, ukitema mate unauona.

Kaka yangu Verlan anatumia kushoto.

"Umetumia grinda?" nilimuuliza. Alikuwa anafunga minyororo ya trela lililobeba gari letu.

"Jana. Nilikata kigae cha bafuni kwa mama."

"Ah."

"Pakia yale maji, Dela. Mjomba ameshatangulia."

Nikapakia maji.

Baba yetu alikuwa na wake watatu, na watoto wengi kiasi kwamba akikosea jina la mmoja hakuna aliyenuna. Kwa mama yetu tulikuwa wawili tu wa tumbo moja, mimi na Verlan. Mwaka ambao wakubwa wa kanisa walisema watoto wetu wasisome tena pamoja na watoto wa dunia, yaani wa nje ya kanisa, mimi nilikuwa darasa la nne. Sikurudi tena. Nikapelekwa kwa mjomba Orval, kaka yake mama, nimpikie, maana mkewe alikuwa mgonjwa. Mlango wa jiko lake ulifungukia gereji. Nilikuwa nakoroga maharage huku natazama cheche, mpaka siku moja akanivalisha kofia yake ya kuchomelea, ikanifika mabegani.

"Usiukimbize moto, binti," alisema. "Uvute taratibu uje nao."

Kila ninachojua kuhusu chuma nilikitoa kwake.

Mimi si mtu wa maneno. Mbele za watu ulimi wangu unalala. Ndiyo maana niliipenda kazi ya kuelekeza kwenye mchezo wetu wa kupandisha magari juu ya miamba. Kwenye miamba dereva hayaoni matairi yake; anaona mbingu na boneti. Kwa hiyo mtu mmoja anasimama mbele, karibu na jiwe, anamwonyesha kwa mikono: njoo, kidogo, kulia, simama. Dereva anatazama mikono hiyo tu. Hata watu wote wapige kelele pembeni, yeye ni mikono hiyo tu. Verlan alikuwa akiwaambia watu, "Mimi nikiwa juu ya jiwe sina macho. Macho yangu ni Dela." Nilikuwa nikisikia hivyo naangalia viatu vyangu, lakini moyoni najaa.

Gari tulilianza kutoka kwenye pikapu ya Toyota iliyokuwa imetelekezwa nyuma ya zizi la mtu. Kuku walikuwa wakitagia ndani yake. Tulilijenga majira ya baridi, kazi za wateja zikipungua. Verlan alitafuta spea na kupatana bei, kwa kuwa yeye anaweza kumchekesha hata mtu anayemdai. Mimi nilikata na kuchomelea. Nusu ya nyuma ya bodi tuliitoa yote, tukajenga kizimba cha mabomba ili likibiringika lisitusage. Tuliongeza gia boksi ndogo nyuma ya ile ya kwanza, gari litambae polepole kuliko mtoto anayeanza kutambaa. Difu tulizifunga loki, ili tairi moja likining'inia hewani jingine lisiache kuvuta. Tukaliita Kobe.

Kazi iliyoninyima usingizi ni ile mikono minne ya chuma inayoishika ekseli ya nyuma. Ikikaa kwa pembe mbaya, gari likipanda ukuta linachuchumaa nyuma, linanyanyua pua, halafu linakulalia chali. Wenye shule wanapiga hesabu. Mimi nilitengeneza mfano kwa kamba, maboksi yaliyokatwa na tofali la kuwa uzito. Nilining'iniza, nikainamisha, nikatazama tofali linataka kwenda wapi. Nikachomelea. Nikakata. Nikachomelea tena.

"Watu wananunua hiyo mikono ikiwa tayari," Verlan aliniambia.

"Ya kununua hailijui gari letu."

Alicheka. Mjomba alikuja siku moja, akachuchumaa, akaitazama mikono ile kwa muda, akanyanyuka kwa kushika magoti. "Umefanya kazi kubwa, binti," akasema, akaenda zake.

Na lilikuwepo jiwe tuliloliita Bado. Liko mwisho wa korongo, ukuta unaofika kifuani wenye mdomo uliotokeza mbele, na hakuna gari lililowahi kulipanda. Wengi walijaribu, wakaacha pale vioo na mafuta. Kwetu, anayelipanda jiwe kwa mara ya kwanza ndiye analipa jina, na watu wote wanaliita hivyo tangu siku hiyo. Na kuna mwiko mmoja ambao hata walevi wanauheshimu: jiwe haliguswi kwa chuma, halichongwi wala halikatwi. Ukishindwa, unarudi nyumbani ukarekebishe gari.

Mimi jina silikuwaza. Nilitaka kujua jambo moja: kama ile mikono niliyoipima kwa kamba na tofali ingelifikisha Kobe juu ya ule mdomo. Sikuwa na cheti cha kitu chochote duniani. Hicho ndicho kingekuwa cheti changu.

Tulipofika korongoni watu walishajaa, wamekaa juu ya mawe na soda zao na watoto wao. Kody, kijana wa bonde la pili mwenye Jeep mpya inayong'aa, alilizunguka Kobe huku akipiga mluzi.

"Verlan, ndugu yangu, hili lina bima ya mazishi?"

"Lina nafasi ya kukubeba wewe ukivunja ekseli, kama ulivyovunja Pasaka."

Watu wakacheka. Kody naye akacheka, kisha akaninyooshea kidevu. "Na huyu bubu ndiye atakayekuelekeza?"

"Huyu bubu ndiye aliyelijenga. La kwako umejengewa wapi, benki?"

Wakacheka zaidi. Nilisimama pale uso unawaka, nikampenda kaka yangu kuliko siku yoyote.

Tulipunguza upepo wa matairi mpaka yakalegea. Nikapanda juu ya Bado kwa miguu, nikachuchumaa pembeni ya mdomo. Njia tulishapatana wiki iliyopita: tairi la kulia liguse kwanza, kwa sababu kushoto jiwe limechimbika chini na hakuna pa kushika. Nilinyanyua mikono. Njoo. Kobe likaja, linanguruma chini kwa chini. Njoo. Matairi ya mbele yakaukumbatia ukuta, yakaanza kukwea, na pua ikanyanyuka mpaka nikaona tumbo la gari. Nikaonyesha ngumi: simama. Likasimama, limening'inia. Nikaonyesha vidole viwili: kulia.

Verlan hakuwa anatazama mikono yangu.

Alikuwa anatazama mdomo wa jiwe, upande wa kushoto. Steringi ikaenda kushoto. Nikarudisha ngumi juu, nikaitikisa. Hakunitazama. Tairi la kushoto likaenda pale ambapo hapakuwa na kitu, likakuta kitu. Likakaa kama mguu ndani ya kiatu. Kobe likajivuta, mbele ikapita karibu na goti langu, na uzito wa nyuma ulipofika kwenye mdomo nikasikia mlio mkavu. Kipande cha jiwe, kikubwa kama trei ya mikate, kikameguka, kikarukia miguuni pangu. Mdomo ukashuka. Tairi la nyuma likapita juu yake bila kazi yoyote.

Watu walipiga kelele korongo zima likaitika.

Mimi nilikuwa nakiangalia kile kipande. Juu kilikuwa cheusi, kama miamba yetu yote iliyochomwa na jua. Upande mmoja ulikuwa umevunjika, mwekundu, una punje punje. Upande mwingine ulikuwa umenyooka, laini, kama jibini lililokatwa kwa kisu, na ulikuwa umepakwa oili chafu na mchanga ili uonekane wa siku nyingi.

Hapo ule unga mwekundu ndani ya kinga nikauelewa.

Mjomba Orval alinifikia kabla ya wengine. Alikitazama kipande, akanitazama mimi. Akainama kwa shida, akakigeuza, akapitisha dole gumba kwenye ule upande laini. Dole likawa jeusi. Akalifuta kwenye suruali.

"Mjomba," nilisema.

"Hongera, binti. Gari zuri."

Akakibeba kile kipande kwa mikono miwili, akakitupa chini kwenye vichaka vya mireteni.

Verlan alikuwa amesimama juu ya boneti. "Kuanzia leo," alipaza sauti, "hili jiwe linaitwa Delora!"

Walilipokea jina langu kwa vifijo. Kody alikuja, akavua kofia yake, akanipa mkono. "Nisamehe, dada. Nilikuwa natania tu. Kwa kweli umetuziba midomo." Macho yake yalikuwa na machozi ya furaha, kama mtu aliyeona kitu kikubwa. Katika wote walionipongeza siku ile, nilishindwa kumtazama yeye.

Tukiwa njiani kurudi, Verlan alikuwa anaimba huku anapiga dashibodi kama ngoma. Nilimwacha mpaka tukafika barabara ya lami.

"Kigae cha mama kina rangi gani?"

Akaacha kuimba.

"Bafu la mama limetandikwa plastiki," nikasema. "Halina kigae hata kimoja."

"Dela."

"Ulilikata jiwe."

"Nilifanya kwa ajili yako." Alisema haraka, kama aliyekuwa ameshaliandaa jibu. "Umelibembeleza lile gari kama mtoto mchanga. Ulitaka Kody akucheke mbele ya bonde zima? Sikutaka uaibike."

"Ulidhani halitapanda."

"Sikudhani kitu."

"Ulidhani halitapanda, Verlan."

"Sikuwa na hakika! Basi! Ni kamba na maboksi, Dela! Kamba na maboksi na tofali!" Akapiga steringi kwa kiganja. Halafu sauti yake ikashuka. "Mjomba alisema pembe ya ile mikono haiko sawa."

Nilihisi kama gari limeacha barabara. "Alisema lini?"

"Zamani. Siku ile aliyokuja kuitazama."

"Mimi aliniambia nimefanya kazi kubwa."

"Si ulifanya kazi kubwa?"

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

Verlan alitazama mbele, akainua bega moja. "Ungelia."

"Na ile oili, uliipaka peke yako?"

Akabadilisha gia. Nilikumbuka mjomba alivyolifuta dole lake bila hata kulitazama, kama mtu aliyejua atakuta nini.

Tulipita kituo cha mafuta ambapo Verlan huninunulia barafu ya sharubati kila tukitoka korongoni. Alipunguza mwendo, akanitazama. Nilitikisa kichwa. Akaongeza mwendo.

Ule mdomo haupo tena, kwa hiyo hata leo sijui. Huenda Kobe lingepanda. Huenda mjomba alikuwa sahihi, lingenyanyua pua na kunilalia mbele ya watoto wa watu na soda zao. Nimewahi kurudi pale peke yangu, nikaweka mkono mahali mdomo ulipokuwa, mkono ukapita hewani. Siku hizi jiwe linapandwa na kila mtu. Jumamosi wanaume wanasimama gerejini kwetu kujaza upepo, wanaambiana, "Leo tumempanda Delora mara mbili," halafu wananiona, wanakohoa, wanacheka viganja vikiwa midomoni. Verlan anacheka nao. Kazi zimeongezeka, ameweka kibao kipya barabarani, na kila mteja anamsimulia jinsi dada yake alivyomwelekeza kwa vidole viwili. Anasema kulia. Anaonyesha kabisa, vidole viwili, kulia.

Mjomba amezeeka. Bado namchomelea vitu vyake, na bado ananiambia kazi nzuri, binti, kila mara, kwa kitu chochote, hata bawaba ya geti. Siwezi tena kujua ni lini ni kweli.

Verlan, mjomba Orval, sikuwahi kuwaambia. Ndiyo, ningelia. Ningelia pale pale chini ya gari mbele yenu, kamasi na machozi, siku nzima pengine. Halafu ningewasha mashine, nikaikata ile mikono, nikaanza upya. Mngeniacha nilie.