Fungu la Wavu

"Nani ameukata?" Zekiye aliuliza.

Wavu wake ulining'inia ukutani pa mkahawa mpya wa gatini, umepasuliwa katikati ili kupisha dirisha. Kiti cha pweza kilichokauka, kile kiumbe cha bahari chenye umbo la nyota, kilikuwa kimefungwa kwenye matundu yake.

Tuncay, mwenye mkahawa, alijifuta mikono. "Dada Zekiye, kaka yako ndiye aliyenipa. Alisema umechakaa."

"Aliyechakaa ni yeye."

Kaka yake, Rıfat, alikuwa mezani na wageni wa Ankara aliowatembeza kwa mashua asubuhi. Hakuinuka. "Uvuvi tumeacha, dada. Wageni hawanuki kama samaki."

"Umeacha wewe. Mimi hukuniuliza."

Katika bandari ile ya rasi ya Datça, samaki hugawanywa mafungu matatu: la mashua, la wavu, la mikono. Mashua ni ya Rıfat. Wavu Zekiye aliusuka mwenyewe mwaka aliofiwa na mumewe, na tangu hapo amekula kwa fungu lake. Asiye na wavu hupewa samaki wa huruma. Jodari wadogo walikuwa wameanza kupita. Alfajiri jirani yake Hüsnü angetoka kuwafuata, naye alikuwa na mashua bila wavu.

Zekiye alipanda kitini, akakata kamba za misumarini. Kiti cha pweza kikaangukia sahani ya saladi ya mgeni.

"Nitakununulia mwingine," Rıfat alisema. "Wa dukani."

"Kula wewe. Chakula kinapoa."

Aliketi sakafuni, palepale njiani pa wahudumu, akavua kiatu, akanasa tundu la wavu kwenye kidole gumba cha mguu na kuuvuta hadi ukakazika. Sindano ya mbao ya kushonea nyavu, aliyoitoa mfukoni, ikaanza kwenda na kurudi. Mgeni mmoja aliinua simu. "Mama, tazama huku kidogo."

"Piga kidole. Ndicho kinachofanya kazi."

Hakuna aliyecheka. Tuncay alileta chai, akaiweka kando yake. Mwishowe Rıfat akaja, akachuchumaa, akanyoosha mkono kwenye kipande cha pili.

"Nikushikie huku?"

Zekiye hakumtazama. Alichukua kijiko, akakilaza juu ya mdomo wa bilauri, kama wafanyavyo huko kusema: nimetosheka, usiniongeze. Chai ilikuwa bado imejaa. Mvuke ulipita pande zote mbili za kijiko, na uzi ukaendelea kuingia tundu kwa tundu.