Mwavuli Uliovuta Jina

Saa moja na nusu asubuhi, dada mtu alikuwa amepiga magoti juu ya meza ndefu ya kukunjia, akikamua hewa kwenye mwavuli wa kuvutia mizigo, yaani parachuti. Kazi ya mwavuli huo ilikuwa moja: kufunguka nyuma ya ndege iliyo angani na kuchomoa bonge la zege la majaribio la tani nane kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa amekunja miavuli ya namna hiyo kwa miaka kumi na tisa, na hakuna hata mmoja uliogoma.

Alipomaliza, mdogo wake aliingia na kalamu, akasaini kadi ya mkunjaji na kuichomeka kwenye mfuko wa mwavuli. Mdogo mtu hakujua hata aanzie kamba ipi. Ila nafasi ya kozi ya cheti ilipotoka ilikuwa moja, bosi akampeleka yeye kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri, na asiye na cheti haruhusiwi kusaini.

"Dada, mikono yako ina baraka."

"Na yako ina kalamu."

Dada mtu alimwonea wivu. Alimwonea wivu kazini, nyumbani, hata akimmiminia chai. Siku hiyo alikuwa ameukunja wivu huo pamoja na kitambaa, maana hakuwa na pa kuuweka, akafunga kamba.

Jaribio lilikwenda vizuri. Mwavuli ulifunguka, bonge likatoka, na jina la mdogo mtu likatoka nalo. Liling'oka kwenye kadi, kwenye cheti, kwenye orodha ya getini na kinywani mwa mama yao, ambaye jioni alimpigia dada mtu simu akasema, "Hebu nipe huyo... huyo mdogo wako." Wakaguzi waliandika kuwa mzigo ulizidi kidogo.

Jina lilikutwa uwanjani chini ya zege, limepondeka, halisomeki. Bosi akawaita wote wawili.

"Cheti hakikai bila jina," alisema, akamgeukia dada mtu. "Lako linatumika wapi?"

Dada mtu alifikiri. Halikuwa kwenye kadi yoyote.

"Nyumbani tu."

"Basi mwachie mdogo wako."

Asubuhi iliyofuata alikunja mwavuli mwingine. Mdogo wake akaja na kalamu, akaliandika jina la dada yake taratibu, kwa ule mwandiko wake mzuri. Dada mtu alilisoma kwenye kadi aliyoingoja miaka kumi na tisa, akamwonea wivu mwenye nalo.