Sikio na Mkate

Dada Mkandaji alikuwa ameshavua aproni, anaelekea getini. Kiganja kilikuwa kimeziba sikio, damu ikimchirizika mpaka kwenye kiwiko. Nyuma yake Nyapara alisimama na lile koleo refu la mbao tunalotolea mikate tanurini. Ndilo alilompigia. Kosa lenyewe? Eti unga umechelewa kuumuka. Kana kwamba hamira inaogopa fimbo!

"Nenda, nenda!" Nyapara alimpigia kelele. "Njaa itakurudisha kwa magoti."

Nimefanya kazi miji mingi, nimekutana na mijitu ya kila aina, lakini huyu alipita kiasi. Wiki chache kabla ya hapo alimmwagia mfagiaji maji ya moto. Tukaenda kwa tajiri, kofia mikononi. Tajiri akasema tuvumilie, hasira za kazi hizo, zinapita. Zipite wapi? Nyapara ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Tukafyata mikia, tukarudi.

Siku hiyo sikufyata. Mimi ndiye niliyekuwa mchochea moto, na tanuri lilikuwa limejaa mikate inayokaribia kuiva. Nikautupa ukuni niliokuwa nao, nikakaa juu ya gunia la unga.

"Mzee, umechoka?" Nyapara akaniuliza.

"Nimekuchoka wewe."

Mpanga trei akaja akaketi kando yangu. Mfagiaji, mkono bado una bandeji, akalaza fagio chini. Wafungashaji wakakunja mikono. Kule getini Dada Mkandaji akasimama, akageuka kututazama. Hatukupanga. Tulikuwa tumejaa mpaka hapa kooni, basi.

"Toeni mikate!"

"Toa wewe, bosi," mfagiaji akamjibu. "Koleo si unalo?"

Mtu akacheka. Nyapara akaliinua koleo. Sote tukasimama pamoja, tukamtazama. Mkono wake ukashuka wenyewe.

Harufu ikaanza, kisha moshi. Tajiri akatoka ofisini mbio, ndara moja mguuni.

"Nani anachoma mikate yangu?"

Hapo damu ikanichemka kweli. "Sikio la mtu limepasuka, hukuja! Mkate umeungua, umekuja na ndara moja!"

"Mzee, chunga mdomo."

"Mchunge shemeji yako. Tulikwambia, ukatuambia tuvumilie. Haya, mtazame yule pale getini. Akitoka yeye, na sisi tunatoka, ukande unga na mkeo."

Tajiri akatazama tanuri. Akatazama geti. Mwisho akamgeukia Nyapara. "Shem, nenda nyumbani kwanza."

"Kwanza?" Dada Mkandaji akapaza sauti kutoka getini. "Hapana. Aende moja kwa moja. Na gari lako linipeleke hospitali sasa hivi, tajiri, si kesho."

Tajiri akatoa funguo mfukoni.

Nyapara alipita geti lilelile akitutukania mama zetu. Sasa ni nyapara kwenye kiwanda cha matofali, na sijasikia kama amebadilika. Dada Mkandaji alitibiwa. Sikio la kushoto halikusikia tena, lakini kazini alibaki. Mfagiaji ana kovu. Tajiri alibandika tangazo kwamba kupigana ni marufuku, kisha akalisahau. Wafanyakazi hawakusahau: mkono mmoja ukiinuka kupiga, mikono mingine yote inashuka, kazi inasimama. Mimi nilifukuzwa baadaye, wakasema ni uzee. Nikahamia mji mwingine. Mikate iliyoungua walipewa kuku.