Alama Nyekundu Makaburini

Mwaka ule wa ukame bwawa lilikauka, na mtaa tulimozaliwa ukaibuka umejaa tope. Mimi ni mwalimu wa historia, nikaona kazi imenifuata yenyewe. Nikamwomba mama anionyeshe nyumba ya nani ilikuwa wapi. Alikubali upesi mno, naye ana moyo mbovu, hata ngazi hapandi.

"Hapa kwa fundi viatu," alisema, akigonga msingi kwa fimbo. "Bahili yule. Hata salamu alikuwa anakupimia."

Nilicheka, nikapiga picha. Yeye alishapita, anaelekea makaburini.

Kule yalibaki mashimo matupu. Kabla maji hayajaingia, kampuni ya bwawa ilifukua wafu wote ikawahamishia mlimani. Huko ndiko tulikomzika upya kaka yangu, aliyekufa mdogo, na ubavuni mwake ndipo mama anapotaka alazwe siku yake ikifika.

Kaburi moja lilikuwa zima. Kwenye saruji kulikuwa na vipande vya sahani ya bluu, sahani ya kaka, alivyovipachika mama kwa mkono wake.

Damu ilinichemka. "Sasa kule juu walituletea sanduku la nani? Nitawashtaki washenzi hawa."

"Usimshtaki mtu." Mama alikaa palepale kwenye tope. "Nyumba zilizopakwa alama nyekundu zilikuwa zinavunjwa, niliona kwa macho yangu. Nilipoikuta alama ile kwenye kaburi la mwanangu, nikaisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikatoka. Sikujua kwamba huku makaburini maana yake ni kuhamishwa. Walipoleta sanduku nikajiambia, labda wamemwona. Nimejidanganya miaka yote hii."

Nilimshika mkono, nikamwinua kutoka kwenye tope.

Tulipanga kurudi na wachimbaji. Mvua ikatuwahi. Tulipofika, maji yalikuwa yameshafunika makaburi yote.

Kesho yake nilimkuta mlimani, amepiga magoti kaburini, anang'oa magugu.

"Mama, huyu si wetu."

"Najua." Hakuinua kichwa. "Lakini kuna mama mwenzangu mahali fulani anamlilia, wala hajui kwamba yuko hapa. Mkinizika, nizikeni hapahapa. Nimlindie mtoto wake."

Hakumaliza mwezi. Tukamzika hapo, kando ya mtoto wa watu.